Pampu gani ya kupoza kompyuta kwa maji haitasikika kwenye maikrofoni?

SautiYaUsiku

Wakuu, habari za usiku.

Niende moja kwa moja. Kazi yangu ni kusoma vitabu kwa sauti. Nasoma, narekodi, nakata makosa, natuma. Chumba ni hicho hicho kimoja: mimi, maikrofoni, na kompyuta chini ya meza, kama mita moja na nusu kutoka mdomoni. Pembeni nafanya na kazi za video, na hapo ndipo feni za zamani zilipokuwa zinanimaliza, kila nikianza kazi nzito zinapaa kama zinataka kuondoka na meza. Ndiyo nikahamia kupoza kwa maji. Nilinunua kipande kimoja kimoja, nikaunganisha mwenyewe kwa siku mbili, halikuvuja hata tone. Nilijisifu sana.

Nikawasha. Feni kweli kimya. Rejeta ni ya milimita 360, feni tatu, mizunguko 600 kwa dakika, huzisikii mpaka uinamishe kichwa chini ya meza. Lakini sasa kuna mlio mwembamba, haupandi haushuki, kama mbu aliyegoma kutua. Naimba kwaya, kwa noti sikio langu huwa halinidanganyi: mlio ule ni La. La ile ile watu wanayotunia magitaa. Sentensi ikiisha nikivuta pumzi, kwenye rekodi ndiyo unaibuka. Nimejaribu kuufuta kwa programu, unafutika, lakini na sauti yangu inabaki kama naongea nikiwa ndani ya pipa.

Vifaa ni hivi. Pampu ni ya aina ya DDC, ile ndogo ya kuenea kiganjani, wati 18, nimeifunga kwa skrubu nne kwenye sakafu ya kasha, kasha lenyewe la chuma. Umeme inachukua moja kwa moja kwenye pawa saplai, na waya mmoja wa kusomea kasi umeenda kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. BIOS, yaani programu ya mipangilio ya mazabodi, inasoma mizunguko 4,400 kwa dakika. Inapitisha maji kwenye prosesa na kadi ya picha. Mipira ya maji ni laini, milimita 10 ndani, 16 nje.

Swali: ninunue pampu gani ya kimya? Kila muuzaji anaandika "kimya kabisa". Mmoja ameandika desibeli 20, mwingine 25, hakuna anayesema amepima akiwa amekaa wapi. Nimechoka kubahatisha.

Natanguliza shukrani. Na tafadhali, asitokee wa kuniambia niweke muziki.

---

kijana_wa_benchi

Uza hayo mabomba yote dada, nunua kipoza cha hewa kikubwa chenye feni mbili, lala usingizi. Pampu ni mota. Mota inalia. Hakuna mota ya kimya duniani.

---

SautiYaUsiku

@kijana_wa_benchi ushauri wako wa kulala nimeupenda. Lakini kadi ya picha nayo ina joto lake, na nikirudi kwenye feni tatu ndogo za kadi nimerudi nilikotoka. Nataka nimalizie nilichoanza.

---

MzeeWaShaba

Dada SautiYaUsiku, kabla hujampa mtu hela, hebu tulitumie hilo sikio la kwaya. Umetuletea nusu ya jibu bila kujua.

La ya kutunia ni 440 Hz, yaani mitikisiko 440 kwa sekunde. Pampu yako inazunguka mara 4,400 kwa dakika. Gawanya kwa 60, unapata mizunguko 73.3 kwa sekunde. Sasa zidisha 73.3 kwa sita. Unaiona? Sita inaweza kuwa idadi ya panga za rota, inaweza kuwa ni mota inavyovutwa na sumaku zake hatua kwa hatua, sina haja ya kujua. Ninachojua ni kwamba mlio umefungwa kwenye kasi ya pampu. Feni haihusiki, koili za kadi ya picha hazihusiki, pawa saplai haihusiki. Mshtakiwa ni mmoja.

Ila ana mshirika wake. Pampu yenyewe ni kitu cha kuenea kiganjani. Waya wa gitaa ukiuvuta pasipo boksi la gitaa, aliyekaa hatua mbili hasikii kitu. Kinachoimba ni boksi. Wewe umechukua kitu kinachotetemeka mara 440 kwa sekunde ukakikaza kwa skrubu nne kwenye bati pana. Umekipa boksi.

Fanya jaribio hili, halina gharama. Zima mashine. Fungua skrubu nne. Hakikisha mipira ina ulegevu, isijipinde. Inua pampu sentimita mbili tatu tu, ibaki kwenye kiganja, mtu mwingine akuwashie. Sikiliza. Halafu ishushe taratibu mpaka iguse bati.

Onyo moja, na hili usilichukulie poa: usiinue pampu kupita usawa wa maji ya tanki. Pampu hizi beringi yake ni gololi ya seramiki, na kinacholainisha ni maji yenyewe yanayopita. Ikimeza hewa inajikwaruza, na ikishakwaruzika ndio utajua kelele ni nini.

Lete majibu. Tukishajua anayelia ni nani ndipo tutaongea habari ya kununua.

---

SautiYaUsiku

Mzee nimefanya. Sina hakika kama nilipaswa kufurahi au kujichukia.

Mdogo wangu alikuwa kwenye swichi, mimi nimepiga magoti mkono umo ndani ya kasha. Akawasha. Kiganjani nausikia ule mtetemo, unawasha kidogo, kama umeshika mende aliye hai. Lakini mlio HAUPO. Nilidhani pampu haijawaka, nikamwambia aangalie maji kwenye tanki, akasema yanakwenda. Basi nikaanza kuishusha. Milimita kwa milimita. Ilipogusa kona moja tu ya bati, La ikarudi. Siyo kidogo kidogo, yote. Nikainua, ikaondoka. Nikagusa, ikarudi. Nilifanya hivyo kama mara kumi mpaka mdogo wangu akauliza kama bado tunafanya kazi au tunacheza.

Nikaweka na maikrofoni mahali pake, nikarekodi nusu dakika pampu ikiwa chini, nusu dakika ikiwa mkononi. Nikafungua kwenye programu sehemu ile inayochora masafa ya sauti. Pampu ikiwa chini kuna mstari mnene kabisa pale 440, mwingine juu yake 880, na mwembamba chini, 73 hivi. Ikiwa mkononi, wa 440 unabaki kivuli tu. Bado upo lakini. Kwa sikio siusikii, maikrofoni inausikia.

Swali jipya: si niweke tu sponji chini yake niachane na kununua?

---

MzeeWaShaba

Kazi safi sana. Wengi hununua pampu tatu kabla ya kufanya ulichofanya kwa mkono mmoja.

Habari ya sponji. Kwa pampu yako hapana, na hapa ndipo swali lako la kwanza linapata maana. DDC ni ndogo, ina nguvu: ile ya wati 18 inasukuma maji kimo cha zaidi ya mita tano. Ubaya wake ni kwamba bodi yake ya umeme iko kwenye kitako, na joto lake linatokea hukohuko chini kwenda hewani. Ukiikalisha juu ya sponji umeifunika blanketi. Itakwenda, itapata homa, siku ya siku itasimama. Ukibaki nayo, itundike kwa vipira vinne vya kona, hewa ipite chini, na chini yake pawe wazi. Inawezekana. Lakini bado una mota ya mlio mwembamba, na mlio mwembamba ndio unaokaa katikati ya sauti ya binadamu. Ndiyo maana programu yako ikiifuta La inaondoka na nyama ya sauti yako.

Kuna aina nyingine ya pampu, D5. Zote mbili zimetoka kwenye ukoo mmoja wa kampuni ya Laing, lakini D5 imejengwa tofauti. Ni nene, nzito, na mota yake inapozwa na maji yanayopita ndani. Hiyo unaweza kuikalisha kwenye sponji nene mwaka mzima isihangaike. Kimo chake ni karibu mita nne, mtiririko wa juu kabisa ni lita 1,500 kwa saa bila kizuizi chochote, namba ambayo hutaiona maishani mwako ukishaiunganisha na rejeta na bloku mbili, vile vipande vya shaba vinavyokaa juu ya prosesa na kadi. Ikivuma, huvuma chini, kwa sauti nzito.

Sasa, D5 ipi. Kuna yenye kitufe cha kuzungusha kwa bisibisi, namba 1 hadi 5, kutoka kama mizunguko 1,800 mpaka 4,800. Kuna ya PWM ambayo mazabodi inaiamuru yenyewe, na hiyo inashuka mpaka 800. Kwa kazi yako chukua ya PWM. Sababu siyo kwamba utaibadilishabadilisha kila saa. Sababu ni kwamba kila kasha lina kasi ambayo halipatani nayo, ukipita pale bati linaitikia, ukisogea mizunguko mia mbili juu au chini linanyamaza. Kwenye kitufe cha namba tano una nafasi tano tu, na huenda mbili zikaangukia pabaya.

Desibeli za wauzaji zitupe. Desibeli bila umbali ni kama kusema safari ni ya dakika kumi bila kusema kwa gari au kwa mguu. Ukisogea mara mbili ya umbali kelele inapungua kama desibeli sita, kwa hiyo mtu anaweza kukuuzia pampu yoyote kwa namba yoyote, ni suala la kurudi nyuma tu. Na pampu uliyoipima ukiwa umeitundika kwa uzi na ile uliyoikaza kwenye bati ni pampu mbili. Umejionea.

---

kijana_wa_benchi

Mzee samahani, lakini unamwambia anunue pampu ya lita 1,500 halafu aishushe kasi. Maji yakienda polepole yatapozaje? Mimi yangu naipiga 100% muda wote na joto liko sawa. Kasi ndiyo inabeba joto.

---

MzeeWaShaba

Swali zuri, na usiombe samahani.

Tufanye kompyuta ya dada inatoa wati 250 kwenye maji, prosesa na kadi pamoja. Gramu moja ya maji inahitaji kama joule 4.2 kupanda nyuzi moja. Maji yakipita lita 200 kwa saa, ni gramu 55 na ushee kila sekunde. Hesabu inakupa kwamba maji yanayotoka yamepanda nyuzi 1.1 tu kuliko yanayoingia. Sasa piga pampu mpaka lita 400 kwa saa. Yatapanda nyuzi 0.5. Yaani umeongeza mlio wote ule ili kuokoa nusu nyuzi.

Nenda upande wa pili. Lita 60 kwa saa: nyuzi 3.6, na ndani ya bloku maji yanakuwa mavivu kunyonya joto kwenye shaba, prosesa inaanza kupanda kweli. Kwa hiyo siyo kwamba kasi haina maana. Ina maana mpaka mahali fulani, baada ya hapo unalipia kelele. Mimi mwenyewe nikishafika lita 150 hadi 200 kwa saa huwa sina ninachokitafuta tena. Joto la maji yako linaamuliwa na rejeta na feni. Pampu ni mpagazi tu.

Na upunguzaji wa kasi una faida ambayo watu hawaitegemei. Mtiririko unapungua sawasawa na kasi, lakini msukumo unapungua kwa mraba wake, na nguvu inayotumika kwa mchemraba. Ukishusha pampu kwenye nusu ya kasi, maji ni nusu, msukumo ni robo, na nguvu, kwa hesabu ya karatasi, ni sehemu ya nane. Kinachotetemesha bati ni hiyo nguvu. Nusu ya maji kwa sehemu ya nane ya fujo, biashara gani nyingine inakupa hivyo?

---

kijana_wa_benchi

Hapo umenifunga. Nimeshusha yangu sasa hivi kutoka 100 mpaka 55. Prosesa imepanda nyuzi mbili. Ila nimegundua feni yangu ya nyuma ina beringi mbovu, kumbe miaka yote nilidhani ni pampu.

---

PampuYaSamaki

Vijana mmenikumbusha mbali. Sisi tulioanza kitambo, pampu ya kimya ilikuwa moja: Eheim ya kwenye tanki la samaki. Ile 1046, wati 5, lita 300 kwa saa, kimo mita 1.2. Mwenye kadi mbili alichukua 1048, wati 10, lita 600, mita moja na nusu. Mota haina brashi, haina bodi ya umeme, rota moja ya sumaku inafuata mawimbi ya umeme wa ukutani. Ilikuwa haisikiki. Niliwahi kuigusa mara tatu kuhakikisha iko hai.

Taabu yake sasa: inakula umeme wa ukutani, siyo volti 12. Ukiwasha kompyuta ukasahau kuchomeka pampu, maji yamesimama na prosesa inapika. Mimi nilisahau. Mara moja, ikatosha. Baadaye nikaweka rilei, kompyuta ikiwaka na pampu inawaka, lakini kila nikifungua kasha nilikuwa nafikiria kwamba humu ndani kuna volti 230 na maji, vimelala kitanda kimoja. Na kasi huwezi kuigusa, umeme ukiwa wa 50 Hz utasikia mvumo wa 100 Hz, huo huo siku zote.

Simshauri dada aifuate. Namwambia tu kwamba kimya ya zamani ile ilitokana na udogo. Wati 5. Mzee wa Shaba anachokisema ndicho kile kile, chukua pampu kubwa uifanye iishi maisha ya wati 5.

Nyongeza moja kuhusu tanki. Liwe juu ya pampu, maji yashuke yenyewe kwenye mdomo wake, na usawa wa maji uwe juu ya tundu kwa sentimita kadhaa. Tanki fupi na pampu ya kasi hutengeneza kimbunga kidogo cha maji, kinafyonza hewa kutoka juu, na pampu inaanza kutafuna mapovu. Mlio wake ni kama changarawe kwenye kopo. Wengi wakiusikia wanadhani beringi imekufa.

---

SautiYaUsiku

Nimerudi wakuu, wiki tatu baadaye. Naomba radhi kwa kimya, kifurushi kilichelewa, na nilikuwa na kitabu cha kumaliza.

Nimechukua D5 ya PWM yenye tanki lake juu, vimeshikana. Muuzaji mmoja alinishawishi kwenye simu nichukue yenye taa za rangi kwa sababu "ni kimya zaidi". Nilimuuliza taa zinapunguzaje kelele, akakata.

Kuibadilisha kulinichukua Jumamosi nzima. Kumwaga maji ndiyo kazi ya kuudhi kuliko zote, hamkuniambia. Unadhani yameisha, unachomoa mpira, glasi nzima inatoka kwenye kadi ya picha. Nilikuwa nimetandika taulo, na pawa saplai haikuwa na umeme, kwa hiyo ni taulo tu lililoumia.

Kuijaza nilifanya kama nilivyosoma zamani: plagi kubwa ya mazabodi nimeichomoa, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, pampu ikawaka peke yake huku vingine vyote vimelala. Nawasha sekunde tano, nazima, naongeza maji, nawasha. Tanki halikuachwa likauke hata mara moja, mzee, nilikusikia.

Chini ya pampu nimeweka sponji nene, sentimita tatu, juu yake kibao cha mbao, kisha pampu imefungwa kwenye kibao. Skrubu haigusi bati popote. Mara ya kwanza nilikosea: nilikaza mkanda juu ya vyote ili visicheze, mlio ukapita kwenye mkanda. Nikautoa. Sasa pampu imekaa tu kwa uzito wake, ukiisukuma kwa kidole inayumba kama jelii.

Halafu nikafanya ile ya kutafuta kasi. Nilianza 1,200, nikapandisha mia mia, maikrofoni iko wazi. Kwenye 2,700 hivi mlango wa kioo wa kasha unaitikia, mvumo kabisa. Kwenye 3,000 unakaa kimya, 3,400 unaanza tena. Nimeiacha 2,200. Nikachomoa mpira wa kurudi kwenye tanki, nikauelekeza kwenye jagi la lita moja, mdogo wangu na saa (na jagi lingine la kuongezea maji kwenye tanki): sekunde 18. Yaani lita 200 kwa saa. Nilicheka peke yangu, mzee ulikuwa umeandika namba hiyo hiyo.

Majibu. Prosesa kwenye kazi nzito ilikuwa nyuzi 66, sasa 68. Maji 34, hayakubadilika. Kwenye picha ya masafa, 440 hakuna. Kuna mstari mmoja hafifu pale 37 Hz, ambayo ni 2,200 gawanya 60, nimejifunza. Na kichujio changu cha sauti kinakata kila kitu chini ya 80 Hz siku zote, kwa ajili ya vishindo vya meza, kwa hiyo na huo unaondoka bila kunigusa sauti.

Tatizo dogo lililobaki: siku mbili za kwanza kulikuwa na ile changarawe ya @PampuYaSamaki. Leo imepungua ila ikija inakuja kwa ghafla, sekunde moja, inaondoka. Ni hewa?

---

PampuYaSamaki

Ni hewa. Imejificha kwenye rejeta, kila povu likijikokota mpaka kwenye pampu unalisikia. Pandisha pampu kasi ya juu dakika kumi, huku umelaza kasha upande mmoja, halafu upande wa pili, taratibu. Kifuniko cha tanki kikiwa kimefungwa, tafadhali. Kisha rudisha 2,200 uongeze maji yaliyopungua. Baada ya hapo iache, siku nne tano itajimaliza.

---

MzeeWaShaba

Sina la kuongeza kwenye kazi yako, umeifanya vizuri kuliko mimi nilivyofanya ya kwangu ya kwanza. Ila mawili.

La kwanza, BIOS huwa inataka kupandisha pampu kila prosesa ikipata joto la sekunde mbili. Funga kasi iwe moja, isipande isishuke. Sikio husamehe mvumo uliotulia, halisamehi unaobadilika.

La pili ni kubwa. Sasa una pampu usiyoisikia. Siku ikisimama hutaisikia vilevile. Nenda kwenye BIOS, waya wa kasi uko pale, weka onyo: ikishuka chini ya mizunguko 800 mashine ipige kelele, na kama mazabodi yako inaruhusu, ijizime. Ukishaweka, lijaribu hilo onyo. Onyo ambalo halijajaribiwa ni pambo.

---

kijana_wa_benchi

Na ile DDC ya zamani unaiuza? Naitaka ya kumwagia maji tu, nimechoka kutumia mdomo kuvuta mpira.

---

SautiYaUsiku

@kijana_wa_benchi ni yako, njoo kwenye ujumbe wa faragha. Ila ukiiweka kwenye bati utaimba La na mimi.

@PampuYaSamaki nimelaza kasha kulia na kushoto, yametoka mapovu mengi ajabu, sijui yalikuwa yamekaa wapi. Tangu jana asubuhi sijasikia changarawe.

@MzeeWaShaba kasi nimeifunga. Onyo nimeweka 800, nikalijaribu kwa kuchomoa ule waya wa kasi. Linafanya kazi vizuri sana. Nilisahau tu kwamba nilikuwa katikati ya kurekodi, na ile pii-pii ya mazabodi imeingia kwenye ukurasa wa 112, juu ya sentensi niliyoipata vizuri kwa mara ya kwanza baada ya kujaribu mara sita. Ngoja niirudie.